Nyumba Isiyovuja

Mizani ilianza kulia kabla sijamaliza chai. Haina sauti kubwa. Inakoroma tu ukutani kama mtu mwenye mafua, lakini huwezi kukaa nayo chumba kimoja ukaiacha ikorome. Nikaweka kikombe chini nikasoma kioo chake. Nyumba ya pili inavuja. Nyumba ya pili itakatwa saa sita mchana.

Kwamba inavuja nilijua. Safu nzima ilijua. Mlango wa nyumba ya pili ulikuwa wazi tangu juzi, wa nje na wa ndani, na baridi yetu ilikuwa inatokea pale kwenda kupooza barabara isiyo na mtu. Nilijifanya sijui kwa sababu wenyewe walikuwa na msiba, na kwa sababu nimechoka. Nimekuwa fundi wa kuziba tangu mwaka ule Dodoma ilipoacha kutembea mchana kwa joto. Magoti yameisha, mikono inanuka povu hata nikioga mara mbili, na hakuna anayekumbuka jina langu mpaka pavuje mahali.

Uso wa mwenyekiti wa safu, Bwana Mnyukwa, ukatokea kwenye kioo. Alikuwa bado na alama za mto shavuni.

"Fundi, umeona?"

"Nimeona."

"Basi nenda kafunge ule mlango."

"Ni nyumba ya msiba, mwenyekiti. Mlango wa msiba haufungwi mpaka tanga lianuliwe. Ulilelewa wapi wewe?"

"Nililelewa vizuri tu. Alipokufa baba yangu mlango ulikaa wazi juma zima, hata mbuzi waliingia kutoa pole. Lakini wakati ule hatukuwa na tangi."

Hapo alisema kweli. Nyumba zetu sita zimeshikana kuta, na chini yake kuna tangi moja la chumvi ya kutunza baridi. Paneli za juu zikipata jua zinaigandisha chumvi ile, na sisi tunaishi kwa kuiyeyusha polepole mpaka jioni. Siku hizo vumbi lilikuwa limesimama hewani, paneli zilikuwa nyekundu kama matofali, na tangi lilikuwa halijafika nusu. Mizani inapima kila nyumba inakunywa kiasi gani. Ikiona moja inamaliza cha wenzake, inaifungia bomba. Haina chuki na mtu, na hilo ndilo linalonichosha, maana mwenye chuki angalau unaweza kumsihi.

"Umekwenda kuwapa pole?" nikamuuliza.

"Nimetuma ujumbe."

"Sote tumetuma ujumbe."

Akajifuta uso. "Sikiliza, Sechelela. Najua unao ufunguo wa kuizuia Mizani isikate. Usiuguse. Ukimzuilia mama yule, tangi litakauka mapema alasiri kwa nyumba zote, na nyumba ya tatu kuna kichanga kilichozaliwa kwa mimba ya miezi saba. Hicho hakitafika jioni. Kama mama hataki kufunga, ndani ya nyumba yake ni juu yake."

Akaondoka kwenye kioo. Chai ilikuwa imeshapoa. Nikainywa hivyo hivyo, nikavaa joho la mchana, lile la fedha linalorudisha jua, nikachukua mfuko wangu wa kazi.

*

Mzee Chilongola wa nyumba ya pili alianguka juzi mchana akinywa uji. Mkewe, Bibi Matika, alijaribu simu, na simu wakati wa vumbi hazishiki, na kwenye kioo cha Mizani ni mwenyekiti tu anayeweza kuita. Kutoka nje saa ile kwa mtu wa umri wake ni kumfuata mume. Basi akapiga ukuta. Upande wa pili, hatua tatu nne tu kutoka alipolala mzee, jirani yake Nyemo alikuwa amekaa na mwanawe mchanga. Bibi Matika alipiga kwa ngumi, akapiga kwa mwiko, akapiga kwa kigoda mpaka mguu wa kigoda ukakatika, na mumewe akanyamaza. Sisi tulijua jioni, milango ilipofunguliwa.

Ukuta ule niliuziba mimi, na sisemi hivyo kwa kutubu. Niliambiwa ziba nikaziba, na kazi ilikuwa nzuri. Kuta za nje tulizijaza maganda ya mtama yaliyoshindiliwa na povu, madirisha tukayatia vioo vya tabaka tatu, milango tukaivalisha raba pembeni pote. Hizo zinazuia jua, kila mtu anaelewa. Lakini kuta za kati, za nyumba na nyumba, hazipigwi na jua. Huku baridi, kule baridi, cha kuzuia ni nini? Kamati ya safu ikasema hapana, Mizani haiwezi kupima kwa haki ikiwa baridi ya huyu inapenya kumfaidi yule. Wakaagiza mabapa ya utupu, yale ya bati mbili zilizonyonywa hewa katikati. Kwenye utupu joto halipiti wala baridi haipiti. Sauti nayo haipiti, na kwenye mikutano yote ya kamati hakuna aliyeliuliza hilo.

Nilivuka uwanja nikiwa nimeinamisha kichwa. Hewa ilikuwa inachoma puani.

Nyumba ya msiba haibishwi hodi. Wazee wawili wa kiume walikuwa wamekaa kwenye kile chumba chembamba kati ya mlango wa nje na wa ndani. Zamani wangekaa uani chini ya turubai. Sasa uani hakukaliki, na ndani wamekaa wanawake, basi wakajibana pale katikati, jasho limewalowesha mashati, kila mmoja akijipepea kwa kofia yake. Mlango wa nje mmoja wao aliuegemea usijifunge, na wa ndani ulikuwa umezuiwa kwa kinu.

Bibi Matika hakuwa amekaa jamvini na wenzake. Alikuwa kwenye kiti, uso kwa mlango.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Umekuja kukaa au umekuja kupima?"

"Nimekuja kukaa."

Nikakaa. Akanitazama mpaka nikaona aibu.

"Na kupima," nikasema.

"Haya. Angalau hujatuma ujumbe."

Nikatoa kijiti cha udi, nikakiwasha. Ndicho kipimo changu cha tangu zamani, kabla ya hizi mashine: moshi ukipanda wima, nyumba imeziba, ukiyumba, ufuate utakuonyesha tundu. Moshi haukuyumba. Ulilala kabisa, ukatoka mlangoni moja kwa moja. Sijawahi kuona nyumba yangu mwenyewe, niliyoifunga kwa mikono hii, ikimwaga namna ile, na sikupenda nilivyojisikia. Nilisikia uchungu wa fundi kwanza, kabla ya uchungu wa mtu.

"Mama, Mizani itakata saa sita."

"Ikate."

"Hawa wazee mlangoni hawatavumilia."

"Nimewaambia waende. Mzee wa Kigogo ukimwambia aondoke msibani ndiyo kwanza anavua viatu."

Mmoja wa wazee akakohoa kule nje. Hakuondoka.

"Naweza kuizuia," nikasema, "lakini tangi litaisha kwa wote. Na jirani yako ana kichanga."

"Jirani." Alilitamka lile neno polepole. "Mimi sina jirani, Seche. Nina ukuta."

"Hakusikia, mama."

"Najua hakusikia. Ndicho ninachokwambia. Nimekaa humu na mume wangu, baridi safi, hata mbu hakuna, sina malalamiko. Umetuzibia vizuri mpaka mwenzangu kafia nyumbani kwake kama mtu aliyefia porini. Leo nikiufunga mlango huu nabaki na nini? Sitaki. Mkate bomba lenu."

"Ni siku chache tu, mpaka vumbi lipite. Tutakuwa tunakuja asubuhi na jioni."

"Yeye alikufa mchana."

Mwanamke mmoja jamvini akaanza kulia kwa chini, mwingine akamshika bega. Bibi Matika hakulia. Walisema hajalia hata makaburini, na kwa kweli uso wake ulikuwa mkavu kama uwanja ule niliovuka.

"Na huyo mwenye mtoto hajaja hapa," akasema.

"Yuko ndani ya arobaini. Mzazi haji msibani, unajua."

"Najua. Nasema tu hajaja."

Niliinuka kuzima udi ukutani, na hapo nikaiona ile sehemu. Rangi ilikuwa imebanduka kwa ukubwa wa sinia, na plasta imebonyea. Nikaweka kiganja. Nyuma ya plasta ile kulikuwa na tofali moja, bapa moja, tofali lingine, basi. Unene wa dhiraa moja. Nilisimama pale mpaka udi ukaniunguza vidole.

*

Nyumba ya tatu nilibisha hodi, nikasubiri mlango wa nje ujifunge nyuma yangu ndipo wa ndani ukafunguka. Nyemo alinipokea kwa kuweka kidole mdomoni. Mtoto alikuwa amefungwa kifuani mwake kwa kanga, na kilichoonekana ni kofia ya sufu tu, ndogo kuliko ngumi yangu.

"Shikamoo dada fundi. Karibu. Ndiyo kwanza amelala."

"Marahaba. Nyemo, sina muda wa kuzunguka. Nataka kutoboa ukuta wako."

Akakaa chini. Nikamweleza yote kama yalivyo. Nikamwambia tundu la ukuta wa kati halipotezi baridi, kwa sababu huku baridi na kule baridi. Lakini Mizani inapima nyumba kwa hewa yake. Hewa zikichanganyika haitajua tena ipi ya nani, itazihesabu nyumba mbili kuwa moja. Akiwa na mlango wazi Bibi Matika, itakuwa na wewe una mlango wazi. Saa sita ikikata, itawakata nyote.

"Na atafunga mlango, nikikubali?"

"Sijui."

"Hujamuuliza?"

"Nikimuuliza sasa atasema hapana. Mama yule akishasema hapana amesema. Nataka asikie kwanza ndipo aulizwe."

"Kwa hiyo unaniomba nimweke mwanangu rehani."

"Ndiyo."

Nyemo ni msichana wa rika la binti yangu, macho yamezama kwa kukosa usingizi. Nikaona nimalizie upande wa pili, isije ikawa nimemrubuni. Nikamwambia akikataa, Mizani itakata nyumba ya pili peke yake, tangi litatosha, na yeye na mwanawe watakuwa salama mpaka jioni. Sheria iko upande wake. Sitamlaumu, na hakuna atakayejua kama niliwahi kuja kumuuliza.

"Watakufa kule?"

"Wazee wale, labda. Yeye, nadhani ndicho anachotaka."

Akashusha macho kwenye kofia ile.

"Siku ile nilikuwa nimekaa pale," akasema, akionyesha mkeka kando ya ukuta. "Nanyonyesha. Kichwa nimekiegemeza ukutani, dada. Hapo hapo. Nilikuwa naimba. Mtu anapiga kwa kigoda nyuma ya kisogo changu, na mimi naimba." Akaigusa ile kofia. "Mtoto huyu usiku anaacha kupumua kidogo, halafu anaanza tena. Wanasema ni kawaida ya njiti. Baba yake yuko kazini Mtera. Basi mimi usiku kucha nakaa nahesabu pumzi, na nawaza, siku asipoanza tena, nikipiga kelele humu, nani atanisikia?"

"Hakuna."

"Basi toboa."

Nilitaka kufurahi, sikuweza. Ni rahisi kumwomba mtu kitu kikubwa, ugumu unakuja akishakupa. Nikamwambia aende na mtoto chumba cha nyuma, afunge mlango wa chumba, vumbi la ukuta si zuri kwa mapafu yale.

Ndiyo kwanza nimechomeka drili, mwenyekiti akatokea kwenye kioo cha Nyemo.

"Fundi, uko nyumba ya tatu unafanya nini?"

"Natoboa ukuta."

"Bapa la utupu likitobolewa limekufa. Halirudi."

"Niliyaweka mimi, mwenyekiti."

"Na Mizani ikizikata zote mbili? Kukiwa na mtoto? Sechelela, hapo hutakuwa umetoboa ukuta, utakuwa umeua."

"Itakuwa hivyo," nikasema. "Au mama atafunga mlango."

"Unacheza na roho za watu kwa matumaini tu."

"Wewe ulikuwa unaacha nyumba nzima ya watu waive kwa hesabu tu. Mimi nimechoka, Mnyukwa. Nikae nibishane na wewe au nifanye kazi?"

Alibaki kwenye kioo. Nadhani alitaka kuona.

*

Tofali la kwanza lilitoka kirahisi. Nilipofika kwenye bapa niliweka tindo, nikapiga nyundo mara moja, na bati likapasuka. Likavuta hewa ndani kwa mluzi mrefu, mpaka vumbi la sakafuni likakimbilia tunduni. Nimeyabeba mabapa yale mamia kwa uangalifu kama mayai, na sijawahi kulisikia moja likifa. Nikabaki na tindo mkononi. Kisha nikaanza tofali la pili, na magoti yakawa yananiuma sana.

Tofali la mwisho lilidondokea upande wa pili. Niliona miguu ya kiti, na miguu ya Bibi Matika.

Halafu upepo ukaja. Hilo nililijua kwa akili, lakini sikuwa nimelijua kwa ngozi. Hewa ya barabarani iliingia kwa mlango wake ulio wazi, ikapita chumbani kwake, ikatokea tunduni kwangu, ya moto, ina mchanga ndani yake. Ikanipiga usoni na kuendelea kwenda kwenye nyumba ya mtoto. Mizani ikaanza kukoroma ukutani kwa Nyemo. Nyumba ya pili na ya tatu zinavuja. Nyumba ya pili na ya tatu zitakatwa saa sita mchana. Nikatazama saa. Nikaogopa, nasema wazi. Niliogopa mpaka nikafikiria kulijaza tundu lile kwa joho langu na kukimbia.

Uso wa Bibi Matika ukainama upande wa pili.

"Seche. Umefanya nini?"

"Nimetoboa, mama."

"Ili iweje?"

Sikuwahi kujibu. Joto lilikuwa limeshafika chumba cha nyuma kwa chini ya mlango, maana milango ya ndani haikuvalishwa raba, na mtoto akalia. Kilio cha njiti ni kidogo. Kinaanza, kinakatika, kinaanza tena, kama mtu anayejaribu kuwasha kibiriti kilicholowa. Ungekuwa uani usingekisikia. Tundu lile lilikipitisha chote.

Bibi Matika akatega sikio.

"Ndiye huyo?" akauliza.

"Ndiye."

"Niliambiwa amezaliwa. Mbona sijawahi kumsikia?" Halafu mwenyewe akaelewa alichouliza, nikamwona anafumba macho. "Ana njaa?"

"Ana joto, bibi." Si mimi niliyejibu. Nyemo alikuwa ametoka chumbani, mtoto kifuani, kofia ameivua, na kichwa kile kidogo kimekuwa chekundu. Alikuja akachuchumaa kando yangu, mbele ya tundu, ule upepo unampiga moja kwa moja. "Shikamoo bibi. Pole na msiba. Sikukusikia siku ile. Wallahi sikukusikia."

Bibi Matika hakuitikia shikamoo. Alimtazama mtoto, akamsikiliza akikatika, akasubiri pamoja nasi mpaka alipoanza tena. Kisha uso wake ukaondoka tunduni.

Tulimsikia akisema, "Nyie wazee, ingieni ndani. Kaeni na wanawake, hamtakufa kwa hilo." Tulisikia viatu vikiburutwa. Tulisikia kinu kikisukumwa sakafuni, kizito, kikikwama, na mwanamke mmoja akisema mama ngoja nikusaidie, na yeye akisema niache. Mlango wa nje ukajifunga. Kisha wa ndani, na raba zake zikashika kwa ule mvumo mdogo ninaoujua.

Upepo ukakatika. Mizani ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Kwenye kioo Mnyukwa aliinamisha kichwa akaondoka.

Hapo ndipo Bibi Matika alipolia. Alilia kwa sauti, kilio kile cha kuita jina la marehemu, alichokuwa hajalia tangu azike, na kupitia tundu lile tulisikia kila neno. Nyemo akanipa mtoto. Akapiga magoti kwenye kifusi, akaingiza mkono tunduni mpaka begani, akaanza kuitikia.